Kompyuta Inakwama Unapohariri Video: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Mtu anayehariri video nyumbani akilalamika kwamba kompyuta yake ni nzito, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kununua kadi ya picha. Ushauri huo umetoboa mifuko ya wengi, kwa sababu video inayokatakata, kompyuta inayoganda, kazi inayorenda (yaani kutolewa kama video iliyokamilika) usiku kucha na mashine inayojizima yenyewe ni dalili zenye vyanzo tofauti, na kadi ya picha hutibu chache tu kati yake. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, unaifuata hadi kwenye kifaa kinachohusika, na pale inapowezekana unataja dawa isiyo na gharama kabla ya ile ya kununua. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayehariri harusi, mahafali, kaswida au vipindi vya YouTube kwa laptopu au kompyuta ya mezani, ambayo kwa wengi wetu ni mashine iliyokwisha kutumika ofisini ughaibuni kabla ya kufika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Kipimo kinachotangulia vyote

Usiipime kompyuta ikiwa imetulia. Fungua mradi unaokusumbua, anza kuucheza au kuurenda, na tatizo linapojitokeza bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha uingie kwenye ukurasa wenye grafu. Kwenye Mac kazi hiyo hufanywa na Activity Monitor. Utaona grafu za prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea), diski na kadi ya picha. Ile iliyogota kwenye asilimia 100 huku nyingine zikiwa zimelala ndiyo inayokuonyesha kifaa kinachochelewesha wenzake. Ndani ya ukurasa wa kadi ya picha mna grafu ndogo iliyoandikwa Video Decode, ambayo watu wengi huipita bila kuitazama. Ikibaki sifuri wakati prosesa inahema, basi prosesa inafungua video, yaani inaigeuza data iliyobanwa kuwa picha, kwa nguvu zake yenyewe, bila msaada wa ile sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Weka pia MediaInfo, programu ndogo ya bure inayosoma faili la video na kueleza lilirekodiwa kwa kodeki gani (njia ya kuibana video), lina biti ngapi za rangi, na mpangilio wake wa rangi ni 4:2:0 au 4:2:2, huu wa pili ukihifadhi rangi zaidi. Yaandike mambo hayo matatu pembeni, kwa kuwa sehemu inayofuata inayategemea.

Video inakatakata kwenye taimlaini hata kabla ya kuwekewa efekti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Simu na kamera za leo hurekodi kwa H.264 au H.265, kodeki zilizobuniwa ili faili liwe dogo. Ili kupunguza ukubwa huo, kodeki hizi hazihifadhi nzima kila fremu, yaani kila moja ya picha zinazounda video. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha fremu nyingi zinazoeleza tu kilichobadilika. Anayetazama video kutoka mwanzo hadi mwisho haoni taabu yoyote. Mhariri, kinyume chake, hurukaruka: anakata hapa, anarudi nyuma sekunde mbili, anahamia kamera ya pili, na kila anaporuka kompyuta hulazimika kurejea fremu kamili iliyotangulia na kuzijenga upya fremu zote za katikati kabla ya kumwonyesha ile moja anayoitaka. Harusi iliyopigwa kwa kamera tatu na kupangwa kwa pamoja huizidisha kazi hiyo mara tatu.

Prosesa za kisasa zina sehemu maalumu ya kuifanya kazi hiyo upesi, lakini kila kizazi kina mipaka yake. Kwa Intel, sehemu hiyo huitwa Quick Sync, nayo ilianza mwaka 2011 katika kizazi cha 2 ikifungua H.264 ya kawaida. H.265 ya biti 8 ilianza kufunguliwa na kizazi cha 6, ya biti 10 na kizazi cha 7, na ile ya biti 10 yenye mpangilio wa 4:2:2, ambayo siku hizi hutoka kwenye kamera nyingi za Sony, Canon na Fujifilm, ililazimika kusubiri kizazi cha 11 kwa upande wa kompyuta za mezani. Kadi za NVIDIA hazikuwa na uwezo wa kufungua 4:2:2 hiyo hadi mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kutoa fedha nyingi kwa RTX 4070, kadi ya NVIDIA ya mfululizo uliotangulia, akairudisha kompyuta nyumbani, akafungua video za kamera yake mpya na kukuta zinakatakata vilevile, ilhali laptopu ya Apple yenye chipu ya M1, ya mwaka 2020, inazicheza bila shida.

Kwa hiyo unaposoma jina la prosesa, acha kwanza ile i5 au i7 na utazame tarakimu zinazofuata kistari. Prosesa ya i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ilitoka mwaka 2013, na hiyo i7 yake haitaisaidia mbele ya H.265 ya simu ya kisasa. I5-12400 ni ya kizazi cha 12 na inaifungua kwa wepesi. Kisha tazama herufi ya mwisho. Prosesa ya i5-12400F inafanana na i5-12400 katika mambo mengine yote, ila sehemu yake ya picha imezimwa kiwandani, na Quick Sync imekwenda nayo. Kwa mcheza gemu mwenye kadi yake F haina ubaya. Kwa mhariri, naiona kuwa akiba ndogo inayokatwa mahali pabaya kabisa. Katika laptopu, herufi U kwa kawaida huashiria prosesa iliyopangiwa kutumia wati 15 hivi, na H huashiria ile ya wati 45, na kwa kazi ya saa nyingi tofauti hiyo huonekana wazi.

Kabla ya kununua chochote, tengeneza proksi. DaVinci Resolve, Premiere Pro na Kdenlive zote zina njia ya kutengeneza nakala nyepesi za video zako, kwa mfano katika ProRes Proxy au DNxHR LB kwa nusu ya ukubwa wa picha, ambazo utazikata na kuzipanga, na wakati wa kurenda programu hurudi yenyewe kwenye mafaili halisi. Kodeki hizo huhifadhi kila fremu ikiwa kamili, ndiyo maana hata prosesa ya zamani huzicheza. Gharama yake ni nafasi kwenye diski na muda wa kusubiri nakala zitengenezwe, na huo waweza kuupitisha kwa kulala. Hakikisha pia kwamba katika mipangilio ya programu, matumizi ya kifaa katika kufungua video yamewashwa. Mara kadhaa swichi hiyo huzimika baada ya draiva ya kadi (programu inayoiendesha) kusasishwa vibaya. Na kama unatumia DaVinci Resolve ya bure kwenye Linux, fahamu kwamba toleo hilo halifungui H.264 wala H.265, hapo hakuna kifaa utakachonunua kikabadilisha jambo hilo, itabidi uzigeuze video kwanza.

Inaanza vizuri, kisha inachoka

Ukiwasha kompyuta mambo ni mazuri, na baada ya robo saa kila kitu kinakuwa kizito ingawa mradi ni uleule. Dalili hii kwa kawaida ni ya joto. Prosesa inapokaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na programu kama HWiNFO itakuonyesha mambo hayo mawili kwa pamoja: nyuzi zikipanda, kasi ikishuka. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa yenyewe ni ya moto na vumbi limekwisha kuganda kwenye mapezi ya kupozea, laptopu iliyotumika miaka mitano bila kufunguliwa hufika huko haraka sana. Mpe fundi aisafishe feni na kubadilisha pesti inayopakwa kati ya prosesa na bati la kupozea. Usiiweke juu ya kitanda wala juu ya kanga, kwa kuwa matundu ya hewa mengi yako upande wa chini.

Ikiwa joto ni la wastani lakini kasi imekwama chini tangu mwanzo, tazama chaja. Laptopu nyingi za mitumba huuzwa na chaja isiyo yake, na mashine iliyotengenezwa kwa chaja ya wati 130 ikipewa ya wati 65 huendelea kuwaka na hata kuchaji polepole, huku ikijibana ili isitumie umeme kuliko unaoingia. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko cha chaja. Zisipoandikwa, zidisha volti kwa ampea. Kuhariri kwa betri pekee huleta dalili hiyohiyo.

Kompyuta inaganda unapohamia programu nyingine

Grafu ya RAM ikiwa imejaa na diski ikifanya kazi bila kupumzika, kompyuta inatumia diski kama RAM ya akiba, na hapo ndipo kipanya nacho huanza kusita. RAM ya GB 8 hutosha kwa video za 1080p zilizokatwa tu, mradi kivinjari kiwe kimefungwa. Kwa 4K, GB 16 ndiyo pa kuanzia, na GB 32 ndiyo inayoleta utulivu. Mashine isiyo na kadi ya picha ya peke yake hukopa RAM hiyohiyo kwa ajili ya picha, kwa hiyo vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16: vikiwa viwili, njia ya data hupanuka mara mbili. Uliza kabla ya kulipa kama RAM imechomelewa kwenye ubao, maana laptopu nyingi nyembamba haziongezeki tena.

Kuchelewa kuanza, mafaili kupotea, na habari ya diski

Hapa hesabu husaidia kuliko maneno. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hutoa megabaiti 12.5 kwa sekunde, yaani takriban GB 45 kwa saa. Hicho ni kiasi kidogo ambacho hata diski ya kuzunguka hukimudu. Lakini kamera tatu zikichezwa pamoja zinafikia megabaiti 37.5, ambazo ni karibu na kikomo halisi cha USB 2.0, na diski ya kuzunguka ikilazimika kurukaruka kati ya mafaili matatu hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Ukizigeuza video kuwa ProRes 422 ya 4K kwa fremu 25, kila moja hudai karibu megabaiti 61 kwa sekunde, na saa moja hula takriban GB 221.

Kwa hiyo, dalili ikiwa ni kusita kila unapobonyeza kucheza, huku grafu ya diski ikiwa imejaa na prosesa imetulia, SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ndiyo dawa, na ile ya SATA yenye kasi ya megabaiti 500 na ushei kwa sekunde inawatosha wengi. Sioni sababu ya kulipia NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, ya megabaiti 7,000 kwa kazi ya harusi. Fedha hiyo iongezwe kwenye ukubwa wa diski. Kabla hujaenda dukani, kagua kebo. Zipo kebo za USB-C ambazo kwa nje hazina kasoro, lakini ndani zina nyaya za USB 2.0 tu kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya kuchaji simu. SSD ya nje ikiunganishwa kwazo hushuka hadi megabaiti 30 au 40, na mwenyewe hudhani kauziwa diski mbovu. Nakili faili moja kubwa, usome kasi, ubadilishe kebo, usome tena.

Ikiwa kunakili kunaanza kwa kasi kubwa na kuporomoka baada ya makumi kadhaa ya gigabaiti, hiyo ni tabia ya SSD za bei nafuu: eneo lake dogo la kasi limejaa. Haijaharibika.

Dalili nzito zaidi ni video zinazofunguka nusu, au mafaili yaliyokuwepo jana ambayo leo hayasomeki. Flashi, memori kadi au SSD ya nje inayoitwa ya TB 2 na kuuzwa kwa bei ya flashi ya kawaida huwa na chipu ndogo iliyodanganywa itangaze ukubwa ambao haina. Ukipita kikomo chake halisi, data mpya hufuta ya zamani bila onyo lolote. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza diski hadi mwisho kisha huisoma tena na kulinganisha. Huchukua muda mrefu. Hata hivyo ifanye siku ileile uliyonunua, kabla hujaweka humo arusi ya watu.

Kurenda kunachukua usiku mzima, au kunakatika kwa ujumbe wa kumbukumbu ya kadi kujaa

Sasa tumefika mahali ambapo kadi ya picha inastahili fedha yako. Kurekebisha rangi, kupunguza chembechembe za gizani, kutuliza picha inayotikisika na kukuza video ni kazi zinazofanywa na kadi, na DaVinci Resolve huitegemea kuliko wenzake wengi. Fremu moja ya 4K ina pikseli milioni 8.3, programu inayoikokotoa kwa usahihi wa biti 32 kwa kila chaneli, chaneli zikiwa nne, huhitaji takriban megabaiti 133 kwa fremu hiyo moja. Efekti ya kuondoa chembechembe inayolinganisha fremu tano tayari imekula zaidi ya megabaiti 660 kabla ya efekti nyingine yoyote kuingia. Ndiyo maana kadi yenye GB 4 hufanya kazi vizuri katika 1080p, ambako fremu ni robo ya ukubwa huo, na kushindwa mradi unapobadilishwa kuwa 4K. Dawa ya bure ni kuhariri katika taimlaini ya 1080p, na mara nyingi mteja anayetazama kwa simu hataona tofauti. Ukiamua kununua, tafuta kadi ya GB 8 au zaidi.

Lakini tazama kwanza kasha la kompyuta. Zile kompyuta ndogo za ofisi zinazouzwa kwa wingi zina pawa saplai ya wati 180 hadi 250 iliyotengenezwa kwa umbo lake pekee, na hazina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi. Kadi itakayoingia humo ni ile inayotosheka na wati 75 zinazotolewa na tundu la ubao wenyewe, na iwe fupi kwa kimo ili mfuniko ufunge. Baadhi ya matoleo ya GTX 1650 yanafaa, nayo yana GB 4 tu. Mwenye kasha kama hilo na kazi za 4K atapata nafuu zaidi akiuza mashine nzima.

Grafu zikionyesha kadi imelala na prosesa imejaa wakati wa kurenda, angalia kodeki uliyochagua ya kutolea na kama programu imeruhusiwa kutumia kifaa katika kufunga video, yaani kuibana inapotolewa. Kubadilisha mpangilio huo mmoja kunaweza kupunguza muda kwa kiasi kikubwa, bila senti kutoka.

Inajizima katikati ya kurenda

Mashine ikizima ghafla bila ujumbe, kama swichi iliyovutwa, chunguza umeme kabla ya programu. Kurenda ndiyo saa ambayo prosesa na kadi huvuta umeme kwa pamoja, na pawa saplai hafifu iliyoandikwa wati 500 kwenye kibandiko tu hukata hapo. Umeme wa nyumbani ukishuka jioni, dalili ni hiyohiyo. Kama inatokea saa za jioni pekee na asubuhi kazi hiyo inarenda salama, pawa saplai huenda haina kosa. UPS, kifaa chenye betri ya akiba, hutibu hilo, ila soma wati zake badala ya VA (volti-ampea): ile ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400, na hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi, haikupi muda wa kumaliza kurenda.

Sauti inaachana na midomo

Jambo hili halina kifaa cha kununua. Simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na programu za kuhariri hutarajia idadi isiyobadilika, hivyo video ya dakika 40 huanza sawa na kuishia sauti ikiwa mbele au nyuma. Igeuze kwa programu ya bure ya HandBrake ukichagua fremu za idadi moja, kisha uingize upya.

Rangi ni nzuri kwako, mbaya kwa mteja

Kioo cha laptopu ya bei nafuu kikiandikwa 45% NTSC (kipimo cha wingi wa rangi) katika karatasi ya sifa, hakionyeshi rangi nyingi zilizomo kwenye video, na mhariri huongeza rangi hadi nyuso za watu zikawa nyekundu kwenye simu ya mteja. Kuna na vioo ambavyo rangi hubadilika ukikiinamisha kidogo tu. Skrini ya nje ya IPS, aina ya kioo ambacho rangi zake hazibadiliki sana kikiinamishwa, inayofikia karibu asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini, hutatua hili, na inaweza kuhamia kwenye kompyuta yoyote utakayonunua baadaye, kwa hiyo mimi ningeitanguliza mbele ya kadi ya picha.

Ikiwa dalili zote zinaelekea kwenye mashine nyingine

Prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7, haiko kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kuongezea RAM na SSD kwenye mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 ni kuipamba inapoondoka. Unapokwenda kununua, chukua SSD yenye video ngumu kuliko zote ulizonazo, kutoka kwenye kamera yako mwenyewe, pamoja na MediaInfo na HWiNFO. Mwombe muuzaji muda wa kuicheza na kuirenda pale kaunta kwa dakika 20 hivi, chaja ikiwa ndiyo utakayoondoka nayo, huku wewe ukitazama Video Decode na nyuzi za joto. Akikubali, aandike kwenye risiti namba kamili ya prosesa hadi herufi yake ya mwisho, ukubwa wa RAM, na siku ulizonazo za kuirudisha.